Kufuli la CD lilifungwa nyumbani kwa nani?

Tarehe 31 Oktoba 2005, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Mark Russinovich, alichapisha maelezo ya kitu alichokikuta ndani ya mashine yake mwenyewe. Alikuwa akijaribu chombo alichokiunda cha kusaka programu zinazojificha, na chombo kikamwonyesha kwamba mlikuwa na folda, faili na programu ambazo Windows ilikuwa inamficha. Huyu si mtu wa kubonyeza kila kitu kinachomjia. Kuijua Windows mpaka uvunguni ndiyo kazi iliyompa jina. Alifuata nyayo moja baada ya nyingine mpaka zikamfikisha kwenye CD ya muziki aliyoinunua kwa pesa yake: Get Right with the Man, ya ndugu wawili wajiitao Van Zant, iliyotolewa na kampuni ya Sony BMG.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya kampuni moja iliyokosea. Hapa nataka tukipitie kwa njia nyingine. Tuanze na diski yenyewe, tuone inavyofanya kazi. Kisha tuulize, aliyetaka kuifunga isinakiliwe angeliweka wapi kufuli lake. Hukumu tuiache kwanza.

Kanuni za CD ya muziki ziliandikwa na kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, mwaka 1980, katika hati ambayo mafundi huiita Kitabu Chekundu kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Kanuni yenyewe si ngumu. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja, ambazo kila moja huitwa biti. Kazi hiyo hufanyika mara mbili, kwa spika ya kushoto na ya kulia. Zidisha 44,100 kwa 16, kisha kwa 2, utapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde ya wimbo. Biti hizo huchorwa kama vishimo vidogo mno kwenye uso wa diski, na mwanga wa leza ndio unaovisoma.

Ndani ya kanuni hizo hakuna nafasi iliyotengwa kwa ajili ya ufunguo. Haikuwa uzembe. Mashine za kwanza za kupiga CD zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, na wakati huo diski moja ilibeba data nyingi kuliko hifadhi ya kompyuta yoyote ya nyumbani. Hakuna aliyeweza kuinakili sebuleni kwake, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuifunga. Miaka 20 baadaye hali ilikuwa imegeuka kabisa, lakini mashine za kupiga CD, mamia ya mamilioni yake, zilikuwa zimeshasambaa majumbani na kwenye magari ulimwenguni kote, na zote zilisoma kanuni ile ile ya 1980. Huwezi kubadilisha diski bila kuziacha mashine hizo zikiwa bubu.

Kabla ya kwenda mbele tutenganishe maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Hakimiliki ni haki ya kisheria: mtunzi, mwimbaji au kampuni ndiye anayeamua nani anakili kazi yake na kwa masharti gani. Kinga ya kunakili ni kifaa: ni mbinu ya kiufundi ya kuzuia mkono wa mtu hata kabla sheria haijamfikia. Mtu anaweza kuiheshimu ya kwanza kwa moyo wote na bado akaikataa ya pili. Ugomvi tunaouzungumzia ulihusu ile ya pili.

Malalamiko ya kampuni za muziki yalikuwa na msingi. Kuanzia mwaka 1999, kwa kutumia programu iitwayo Napster, kijana yeyote mwenye intaneti aliweza kuchukua wimbo kutoka kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua bila kulipa senti. Mahakama za Marekani zilifanya Napster ifungwe mwaka 2001, lakini nyingine zikaota mahali pake. Wakati huohuo kompyuta za kawaida zilikuja na kifaa cha kuchoma CD, na diski tupu zikawa bei ya karanga. Kampuni zilipoangalia mauzo yakishuka zilitaka kitu cha kufanya, na kitu kilichokuwa mikononi mwao ni diski.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuiharibu diski kidogo, kwa makusudi. Tuone jinsi. Kila CD hubeba, pamoja na muziki, data za ziada za kurekebisha makosa: diski ikichubuka, mashine hutumia data hizo kukisia biti zilizopotea, na sikio halijui lolote. Tena, mwanzoni mwa diski kuna jedwali linaloeleza wimbo gani unaanzia wapi. Mashine ya redio ya sebuleni hulisoma jedwali hilo kijuujuu. Kompyuta hulisoma kwa makini zaidi. Wabunifu wa kinga wakaweka makosa kwenye jedwali na kwenye data za marekebisho, wakitumaini kwamba redio itapita bila kujali na kompyuta itakwama.

Tumaini hilo lilivunjika kwa sababu ya kawaida sana. Redio nyingi za magari, deki za DVD na hata baadhi ya mashine za bei kubwa zilitengenezwa kwa visomaji vilevile vya kompyuta. Kwa hiyo mtu aliyelipa bei kamili alirudi nyumbani na diski isiyolia. Hata ilipolia, ile akiba ya kurekebisha makosa ilikuwa imeshaliwa na makosa ya makusudi, na mchubuko mdogo tu ungeweza kuimaliza. Toleo la A New Day Has Come la Celine Dion lililouzwa sehemu za Ulaya mwaka 2002 lilifika mbali zaidi: likiingizwa kwenye baadhi ya kompyuta za Apple, diski ilikwama ndani na mashine ikagoma kuwaka. Mwaka huohuo watu waligundua kwamba kinga ya aina hiyo inaondoka kwa kuchora mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa diski. Philips nao, wenye nembo ya CD, walisema diski za namna hiyo hazistahili kuibeba, kwa kuwa hazifuati kanuni.

Ufaransa jambo hili lilifika mahakamani. Mnunuzi mmoja alikuwa na CD ya Alain Souchon ambayo haikupiga kwenye redio ya gari lake, na chama cha watumiaji UFC-Que Choisir kikasimama naye. Mwaka 2003 mahakama ya Nanterre iliiona kinga ile kuwa kasoro iliyofichika katika bidhaa, na ikaamua arudishiwe pesa. Neno hilo lina uzito. Kitu ambacho kampuni ilikiita ulinzi, sheria ya mauziano ilikiita kasoro, sawa na ufa ndani ya chungu ambao muuzaji hakuutaja.

Hapo wabunifu wakabadili mwelekeo. Ikiwa diski haiwezi kuguswa bila kuwaumiza wenye redio, basi muziki uachwe kama ulivyo, na kufuli lihamishiwe kwenye kompyuta. Hili ndilo kiini cha uchambuzi wote, kwa hiyo tulitazame taratibu.

CD inaweza kugawanywa katika sehemu mbili ambazo mafundi huziita vikao. Kikao cha kwanza, kuelekea katikati ya diski, hubeba muziki wa kawaida. Kikao cha pili, kuelekea ukingoni, hubeba faili za kompyuta. Redio inajua kikao cha kwanza tu. Cha pili kwake hakipo. Kompyuta huviona vyote viwili. Na Windows za miaka ile zilikuwa na tabia moja: diski ikiingia, zilitafuta faili fulani ya maelekezo, na zikiikuta zilianzisha programu iliyotajwa humo bila kumuuliza mwenye mashine. Kwa hiyo kinga mpya ilikuwa programu iliyokaa kwenye kikao cha pili, ikisubiri kuamshwa na Windows. Ikishaamka inajisimika ndani ya kompyuta, na kuanzia hapo inalinda mlango: programu nyingine ikijaribu kusoma muziki kutoka kwenye diski hiyo, inaivurugia.

Utaona udhaifu papo hapo. Kinga haimo tena ndani ya muziki. Imo kwenye programu ambayo lazima kwanza iingie. Isipoingia, muziki uko wazi. Oktoba 2003, John Alex Halderman, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Princeton, alionyesha kwamba kinga iitwayo MediaMax, iliyokuwa kwenye CD ya Anthony Hamilton, inakwepeka kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati diski inaingia. Kitufe hicho huiambia Windows isianzishe kitu. Kampuni iliyotengeneza kinga hiyo, SunnComm, ilitangaza kwamba itamshtaki na kudai dola milioni 10, kisha siku moja baadaye ikaghairi. Ingekuwa kesi ya kidole kilichobonyeza kitufe.

Tuvae basi viatu vya mtengenezaji wa kinga, kwa haki kabisa, na tuone tatizo analolikabili. Programu yake inaishi ndani ya mashine ya mtu mwingine. Mtu huyo hakuitaka, alinunua nyimbo. Programu haimpi faida yoyote, ila inampunguzia uwezo aliokuwa nao jana. Akiijua, atataka kuitoa, na kuitoa programu kwenye kompyuta yako mwenyewe ni kazi ya dakika moja. Mtengenezaji anayetaka kinga yake idumu ana njia mbili: amshawishi mwenye mashine aipende, au ahakikishe haioni. Ya kwanza haiwezekani. Imebaki ya pili.

Njia hiyo ya pili ndiyo iliyochukuliwa na kampuni ya Uingereza, First 4 Internet, ilipounda kinga iitwayo XCP na kuiuzia Sony BMG. XCP ilijificha kwa mbinu ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa wadukuzi, iitwayo rutkiti. Rutkiti ni mkusanyiko wa programu unaoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi, ambao hapa ni Windows, na kubadili majibu yake. Kwa kawaida programu yoyote inapotaka kujua kuna faili gani kwenye folda, inauliza mfumo endeshi, na mfumo unataja zote. Rutkiti inakaa katikati ya swali na jibu. Mfumo unapojibu, rutkiti inachomoa majina fulani kwenye orodha, kisha inapitisha yaliyobaki. Anayeuliza hana njia ya kujua kwamba amedanganywa, kwa sababu aliyemdanganya anaongea kwa sauti ya mfumo wenyewe.

Russinovich alilipima jambo hili kwa jaribio ambalo mtu yeyote angeweza kulirudia. Alikuwa ameona kwamba vitu vyote vilivyofichwa vilikuwa na majina yanayoanza na alama ya dola, herufi sys, na alama nyingine ya dola. Akachukua Notepad, ile programu ya kuandikia ambayo kila Windows inayo, akatengeneza nakala yake, akaipa jina linaloanza na alama hizo. Nakala ikatoweka mbele ya macho yake. Ilikuwapo kwenye diski, ikichukua nafasi yake, lakini mashine ilikana kuwa nayo.

Maana ya jaribio hilo ni pana kuliko linavyoonekana. XCP haikuficha faili zake tu. Ilificha faili yoyote ya mtu yeyote mwenye kujua herufi tano za mwanzo. Ilikuwa imechimba shimo ndani ya kompyuta na kuliacha bila mlinzi. Haikupita muda. Tarehe 10 Novemba 2005 ilionekana programu hasidi iliyokuwa ikisambazwa kwa barua pepe, ambayo ikiingia ilijipa jina la namna hiyo ili programu za kuzuia virusi zisiione. Wachezaji wa mchezo wa World of Warcraft nao walikuwa wameshang'amua kwamba programu za kufanyia udanganyifu mchezoni zinaweza kufichwa humohumo.

Kulikuwa na madhara mengine madogomadogo, ya kila siku. XCP ilipekua programu zote zinazoendeshwa kila baada ya sekunde mbili, ikichukua taarifa za kila faili mara nane katika kila zamu, hata kama diski haimo ndani. Yaani mashine ilifanya kazi ya kampuni mchana kutwa kwa umeme wa mwenye nyumba. Na Russinovich alipojaribu kuifuta kwa mkono, kisomaji chake cha CD kilipotea. Kinga ilikuwa imejiunganisha kwenye kiendeshi, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Ukiing'oa, unaking'oa nacho. Kwa mjuzi kama yeye ilikuwa usumbufu. Mzazi aliyemnunulia mwanawe CD angelazimika kumlipa fundi.

Je, mnunuzi hakukubali? Hili ni swali la haki na lazima lijibiwe. Kabla XCP haijajisimika, ulitokea ukurasa wa mkataba wenye kitufe cha kukubali. Mkataba ulisema programu ndogo itawekwa na kwamba itabaki mpaka itolewe. Haukusema kwamba itajificha, wala kwamba hakuna njia ya kuitoa. Humo humo mlikuwa na masharti ambayo mawakili wa Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za watumiaji wa teknolojia, waliyaanika: ukifilisika, futa nakala zako, ukiibiwa CD halisi, futa nakala zako. Ridhaa ya mtu hufika pale tu maelezo aliyopewa yanapofika. Tena MediaMax, ambayo Sony BMG iliitumia kwenye CD nyingine, ilishusha faili zake kwenye kompyuta hata pale mnunuzi alipobonyeza kitufe cha kukataa.

Kampuni ilijibu kwa hatua ambazo kila moja iliongeza ghadhabu. Tarehe 4 Novemba, Thomas Hesse, mkuu wa biashara ya kidijitali wa Sony BMG, alihojiwa na redio ya NPR, akasema kwamba watu wengi hata hawajui rutkiti ni nini, kwa hiyo kwa nini wajali. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Ni kweli watu wengi hawakujua. Lakini walishindwa kujua kwa sababu kitu chenyewe kilitengenezwa ili wasijue, na kampuni ikageuza kutojua huko kuwa kibali.

Kisha ikaja programu ya kuondoa kinga. Ya kwanza iliondoa maficho tu na kuiacha XCP mahali pake. Aliyetaka kuitoa kabisa ilimbidi ajaze fomu kwenye intaneti, atoe anwani yake ya barua pepe, asubiri. Halderman na profesa wake, Edward Felten, walipoichunguza dawa hiyo katikati ya Novemba walikuta imeacha kwenye mashine kipande kinachoruhusu tovuti yoyote itakayotembelewa kuweka na kuendesha programu inayoitaka. Dawa ilikuwa imeacha mlango wazi kuliko ugonjwa.

Ukubwa wa jambo ulipimwa na mtafiti Dan Kaminsky kwa njia ambayo inafaa kuielezea, kwa kuwa ni somo zuri la kuhesabu kisichoonekana. Programu ya XCP ilikuwa ikiwasiliana na seva za Sony mara diski inapopigwa. Ili kompyuta ipate anwani ya seva, huiuliza seva ya majina, na seva ya majina hukumbuka kwa muda maswali iliyoulizwa karibuni. Kaminsky akaziuliza seva za majina duniani swali moja: je, mnaikumbuka anwani hii? Zilizojibu ndiyo zilizidi 568,000. Idadi hiyo si ya kompyuta. Ni ya mitandao ambayo ndani yake kulikuwa na angalau kompyuta moja iliyouliza.

Tarehe 11 Novemba Sony BMG ilisimamisha utengenezaji wa diski zenye XCP, na siku chache baadaye ikatangaza kuziondoa madukani na kuwabadilishia waliozinunua. Albamu zilikuwa 52. Diski zilizokuwa zimetengenezwa zilikuwa takriban milioni 4.7, na zilizouzwa takriban milioni 2.1. Ofisa wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, Stewart Baker, aliwakumbusha wenye kampuni hadharani kwamba mali ya ubunifu ni yao, lakini kompyuta si yao.

Mahakamani mambo yalikwenda haraka. Tarehe 21 Novemba 2005, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas, Greg Abbott, alifungua kesi chini ya sheria mpya ya jimbo hilo dhidi ya programu za kijasusi, na siku hiyohiyo Electronic Frontier Foundation ikafungua kesi ya pamoja kwa niaba ya wanunuzi. Maridhiano yaliyoidhinishwa New York Mei 2006 yalimpa kila mnunuzi wa XCP diski safi, pamoja na dola 7.50 na albamu moja ya kupakua, au albamu tatu bila pesa. Desemba 2006 kampuni ilikubali kulipa Texas na California dola 750,000 kila moja, na Januari 2007 ikamalizana na Tume ya Biashara ya Shirikisho kwa kukubali kulipa mpaka dola 150 kwa mtu ambaye kompyuta yake iliharibika wakati akijaribu kuitoa programu ile.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo sipendi lipotee. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kinga za hakimiliki, na watafiti wa usalama walijua kwamba kuifungua kinga ili kuikagua kunaweza kuwaletea kesi. Halderman na Felten walikuwa wameyaona matatizo ya XCP karibu mwezi mzima kabla ya Russinovich kuandika, wakachelewa kuyatangaza wakishauriana na mawakili. Wiki zote hizo diski ziliendelea kuuzwa. Novemba 2006 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilitoa ruhusa maalumu ya kukagua kinga za CD kwa nia njema. 

Sasa turudi kwenye swali lililobaki: je, kwa gharama hiyo yote, kinga ilizuia unakili? Mwaka 2002 wahandisi wanne wa Microsoft waliandika hoja ambayo sijaona aliyeipindua. Ili wimbo usambae kwenye intaneti haihitajiki kila mnunuzi aweze kuunakili, inatosha mmoja. Yule mmoja akishautoa, wengine wote huchukua kwake, wala diski hawaigusi. Na walioweza kuwa huyo mmoja walikuwa wengi: mwenye kompyuta ya Apple au ya Linux, ambako XCP haikufanya kitu, aliyeshikilia Shift, aliyebandika kipande cha utepe wa gundi kwenye ukingo wa diski ili kikao cha pili kisisomeke. Septemba 2005, mpiga gitaa la besi wa kundi la Switchfoot, Tim Foreman, aliwaandikia mashabiki hatua za kuikwepa kinga iliyowekwa kwenye albamu ya kundi lake mwenyewe.

Hata Sony BMG iliwasaidia watu kuikwepa. Wanunuzi wengi walikuwa na iPod, na nyimbo zilizotolewa kupitia kinga hazikuingia humo. Walipolalamika, kampuni iliwatumia maelekezo: choma nakala unayoruhusiwa, kisha nakala hiyo, ambayo haina kufuli, ihamishie kwenye iPod.

Tupange basi tulichokiona. Aliyepakua wimbo bila kulipa hakukutana na XCP hata siku moja. Faili lake lilikuwa safi. Aliyekutana nayo ni yule aliyekwenda dukani, akalipa, akarudi nyumbani, akaweka CD kwenye kompyuta na kukubali mkataba. Na kila ilipotakiwa iwe imara zaidi, kinga ililazimika kuingia ndani zaidi ya nyumba yake na kujificha zaidi.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kosa lilikuwa la mwandishi mbovu wa programu, na kwamba XCP iliyoandikwa vizuri ingefaa. Diski ilikuwa wazi tangu 1980 na haikuweza kufungwa. Aliyetaka kuifunga hakuwa na mahali pa kuweka kufuli isipokuwa kwenye mali ya mtu mwingine, na mtu hawezi kufunga mali ya mwenzake na kufuli likadumu bila kumficha. Maficho yalikuwa ndiyo kazi yenyewe. Wanunuzi walipokasirika, watu wa kampuni walidhani wateja hao wanatetea uharamia. Wateja walikuwa wanatetea mlango wa nyumba yao.

Kuna njia nyingine za kumlinda msanii, na msomaji wa Tanzania anaifahamu mojawapo. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kudai stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Tunaweza kubishana kama stempu ilifanikiwa. Lakini tazama ilipobandikwa: juu ya kasha, machoni pa watu, na anayeulizwa ikikosekana ni muuzaji. Mnunuzi akishafika nyumbani, stempu imemaliza kazi yake.

Kampuni zenyewe zilifika huko kwa kuchelewa. EMI iliachana na kinga kwenye CD Januari 2007, na Aprili mwaka huo ikatangaza pamoja na Apple kwamba nyimbo zake zitauzwa mtandaoni bila kufuli. Kati ya kampuni nne kubwa za wakati ule, Sony BMG ilikuwa ya mwisho kukubali kuuza muziki usiofungwa: Januari 2008. Mwaka 2009 Apple iliondoa kufuli kwenye muziki wote wa duka lake.

Diski za 2005 hazikurudi zote. Bado zimo kwenye makabati ya watu na kwenye maduka ya mitumba. Ukikutana na CD ya Sony BMG ya mwaka ule, tazama ukingo wa kushoto wa kasha lake. Yenye kinga ina maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba yaliyomo yamelindwa. Usiiweke kwenye kompyuta ya zamani ya Windows. Iweke kwenye redio ya kawaida, italia kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu muziki wenyewe haukuwahi kufungwa.